Nyasi Zetu za Igogo Hazijafa



Ndugu msomaji, ukipanda kilima cha Igogo mwishoni mwa Septemba kutoka Barabara ya Kenyatta, utaona rangi mbili tu: kijivu cha miamba na rangi ya udongo mkavu. Masika yaliisha Mei. Tangu hapo hadi vuli ianze Oktoba, kilima kinakaa na kiu, ingawa Ziwa Victoria liko hapo chini na unaliona ukiwa umesimama mlangoni pa kanisa. Uwanja wa kigango chetu nao huwa hivyo hivyo. Nyasi zinageuka kahawia, kisha zinakuwa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, na sehemu nyingine huoni nyasi tena, unaona vumbi.

Ni majira haya ndiyo yanayoleta maneno. Mwaka huu Halmashauri ya kigango ilipokaa mwezi Agosti, kulikuwa na hoja ya kung'oa nyasi zote na kutandaza pevingi uwanja mzima. Sababu zilizotolewa si za kipuuzi, na sitaki zionekane hivyo. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia kanisani hadi kwenye vitambaa vya altare. Wakati wa mvua watu wanaingia na matope. Kukiwa na harusi au kipaimara, viti vya plastiki vinazama upande mmoja na wageni wanakaa kama wamo mtumbwini. Tena, alisema mzee mmoja wa jumuiya, nyasi zenyewe zimekufa, kwa hiyo tunabishania nini?

Mimi ni frateri wa likizo, sina kura katika Halmashauri. Lakini Mwenyekiti alinigeukia akasema, "Haya Frateri, wewe unayesoma falsafa, tuambie." Watu wakacheka kidogo. Nilijibu kwa maneno machache kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na akina mama walikuwa na biashara zao. Jibu lenyewe kwa kirefu ndilo hili.

Nianze na neno "zimekufa". Sehemu kubwa ya uwanja wetu ni ukoka, ule ule unaomsumbua mkulima shambani. Ukoka una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayotambaa chini ya ardhi. Mvua ikikatika, mmea unaacha majani ya juu yakauke, na unaweka akiba yake ya chakula chini, kwenye mashina yale na mizizi. Unaacha kukua. Ukitaka kuhakikisha, chukua kisu, chimba kina cha kidole kimoja mahali ambapo nyasi zinaonekana zimekwisha kabisa, toa kipande cha shina na ukivunje. Kama ndani ni cheupe na kigumu, mmea unaishi. Kama ni cheusi na kinasagika vidoleni, hapo umekufa kweli. Nilifanya hivyo mbele ya wazee sehemu tano za uwanja. Nne zilikuwa nyeupe. Ya tano ilikuwa pale watu wanapoegesha pikipiki Jumapili.

Wenzangu wa mwaka huu darasani watatabasamu, kwa sababu hapa ndipo Aristotle anapoingia. Katika kitabu chake juu ya nafsi anafundisha kwamba mmea nao una nafsi, ya daraja lake: uwezo wa kujilisha, kukua na kuzaa. Na anapotafuta namna ya kueleza nafsi ni kitu gani, anatumia mfano wa usingizi. Mtu aliyesoma hisabati akilala hajapoteza hisabati yake. Anayo, ila haitumii kwa saa ile. Nafsi, kwake, ni kama elimu ile iliyopo hata mwenye nayo anapolala. Mtakatifu Thomas wa Akwino alikiandikia kitabu hicho ufafanuzi, nasi tunausoma hadi leo. Nilipokutana na mfano huo darasani sikufikiria Ugiriki wala Italia. Nilifikiria uwanja wa kigango chetu mwezi wa tisa, na mzee mmoja aliyekuwa akinikataza kuugusa.

Mzee huyo ndiye aliyetunza uwanja ule tangu nikiwa mtoto wa Utoto Mtakatifu. Kila mtu anamwita Guku, yaani babu kwa Kisukuma, hata wasio Wasukuma. Nilipomaliza kidato cha sita, kabla ya kuingia katika malezi, nilimsaidia kwa mwaka mmoja na miezi. Nilidhani kazi ya nyasi ni kufyeka. Kwa Guku kufyeka kulikuwa sehemu ndogo, na kulikuja mwisho.

Kazi yake kubwa ilianza na mvua ya kwanza ya Oktoba. Watu wengine mvua ikinyesha wanakimbilia majembe. Yeye alitoka na kamba ya katani na vigingi, akazungushia uwanja mzima, akabakiza njia ya kuingilia kanisani. Kwa wiki tatu hakuna mguu uliokanyaga mle: si wa mtoto, si wa mbuzi, si wa Paroko. Oktoba ni mwezi wa Rozari, basi maandamano yetu yalipita pembeni ya kamba, mstari mwembamba, watu wakiwa wameshika mishumaa na kuchungulia kama kuna kilichoota. Watoto walihamia kucheza juu ya mwamba nyuma ya sakristia. Lawama zilikuwa nyingi, na Guku alikuwa na sikio moja lisilosikia vizuri ambalo aliligeuzia upande wa lawama.

Siku moja, baada ya mvua ya pili au ya tatu, niliona vichipukizi vya kijani vimetoka, vifupi, vingine virefu, havijalingana. Nikachukua fyekeo nivisawazishe. Guku akaniuliza, "Mwanangu, wewe ukiamka asubuhi unapewa chai au unapewa panga?"

Maelezo yake yalikuwa haya. Chipukizi la kwanza halijatokana na mvua peke yake. Limelipiwa na akiba ile iliyowekwa chini. Mmea umetumia senti zake za mwisho kununua jani moja, ili jani hilo lishike jua na kuanza kutengeneza chakula kipya. Ukilikata, unaulazimisha ununue lingine kwa mfuko uliokwisha kutoboka. Ukikata mara mbili hivyo, palipokuwa na nyasi patabaki udongo, na utasema mvua zilikuwa mbaya. Kwa hiyo subiri hadi nyasi zifike kimo cha vidole vinne, udongo uwe umeshikamana, kisha kata ncha tu, isizidi theluthi moja ya jani. Vitabu vya bustani nilivyosoma baadaye vina kanuni hiyo hiyo ya theluthi. Guku hakuwa na vitabu hivyo. Alikuwa na ng'ombe utotoni.

Nisipolieleza hili la ng'ombe, kamba ya katani itaonekana ni ukaidi wa mzee. Guku alizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye familia ya wafugaji. Huko Wasukuma walikuwa na utaratibu unaoitwa ngitili: mvua zinapoanza, sehemu ya malisho inafungwa, mifugo haiingii. Nyasi zinakua bila kuguswa masika yote, na ngitili inafunguliwa kiangazi kikiwa kimekaza, kwingine malisho yakiwa yamekwisha. Familia ilikuwa na yake, kijiji kilikuwa na yake, na mipaka iliheshimiwa hata pasipokuwa na uzio. Utaratibu huo ulidhoofika sana karne iliyopita, hasa miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa wakayaacha maeneo yao ya zamani, na ardhi ya Shinyanga ikachakaa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Mradi huo uliwahimiza wananchi warudie ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na nyasi na miti. Kwa sehemu kubwa, ardhi ilijirudisha yenyewe kutokana na mizizi iliyokuwa bado hai chini, baada ya watu kukubali kukaa nje kwa muda.

Kwa hiyo kamba ya Guku ni ngitili. Ndogo, ya mjini, katikati ya nyumba za mabati na miamba.

Sasa niwachukue mbali kidogo. Kuna padre mmoja wa kwetu anayesoma Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako theluji inaweza kulala juu ya ardhi tangu Desemba hadi Machi. Anakaa parokiani, na Paroko wake amempa uwanja autunze, labda kwa kudhani kila Mwafrika ni mkulima. Nilipomtumia ujumbe wa sauti juu ya mjadala wetu wa Igogo, alinijibu kwa dakika kumi na moja, na nusu yake ilikuwa kicheko.

Anasema theluji inapoyeyuka, nyasi zinajitokeza zimelala chini kama nywele za mtu aliyevua kofia, rangi ya majani makavu, na hapa na pale zina mabaka ya mviringo ya kuvu, mengine ya kijivu, mengine ya rangi ya waridi, iliyoota gizani chini ya theluji. Mgeni angesema zimekufa. Wenyeji wanajua zimelala. Ila jua la kwanza linawatia watu wote hamu ya kutoka na kufanya kazi, na hapo ndipo nyasi zinapoharibiwa. Juu udongo umelowa chepechepe, chini kidogo bado umeganda, maji hayana pa kwenda. Ukikanyaga, unaugandamiza udongo kama tope la kufyatulia tofali, na mizizi inakosa hewa mwaka mzima. Kwa hiyo wanangoja. Udongo ukikauka kiasi cha kutoshika kiatu, wanapita na reki kwa mkono mwepesi, kuziinua nyasi zilizolala ili hewa na jua vipite, na mabaka ya kuvu mara nyingi yanapona yenyewe kwa hilo tu. Kandokando ya barabara, ambako manispaa humwaga chumvi ili kuyeyusha barafu, wanamwagilia maji mengi ili chumvi izame chini, mbali na mizizi. Mbolea wanaiacha hadi nyasi zianze kukua sawasawa. Mashine ya kukatia inabaki stoo.

Nyasi zao si ukoka wetu. Zile zinapenda ubaridi, na ukoka wetu baridi ile ingeua hadi mizizi. Huko usingizi unaletwa na barafu, huku unaletwa na jua. Lakini nilipomaliza kusikiliza nilimpelekea Guku simu, tukaiweka kwenye sikio lake zima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na huko watoto wanakaa nje ya kamba?"

Baada ya wiki zile tatu ndipo kazi za kawaida zinafuata, nami nitazipitia haraka. Palipogandamizwa, kama pale pa pikipiki, Guku alitumia kipande cha nondo kilichochongwa ncha, akatoboa mashimo ya kina cha kiganja, hatua kwa hatua, ili maji na hewa viingie. Samadi alitaka iliyokaa muda mrefu hadi imekuwa kama udongo na haina harufu, kwa sababu samadi mbichi inaunguza na inaleta mbegu za magugu. Aliinyunyiza nyembamba, majani yaonekane juu yake. Chini ya mwembe hakujisumbua na ukoka hata siku moja, maana ukoka unataka jua kamili. Pale alipanda nyasi za Pemba, zenye jani pana, zinazovumilia kivuli. Magugu aling'oa kwa mkono mvua ikiwa imetoka kunyesha. Moto hakuutaka kabisa. Kila Septemba kuna mtu anayependekeza nyasi kavu zichomwe ili pawe pasafi, na kweli panakuwa pasafi: majivu yanapeperuka, udongo unabaki uchi, na mvua ya kwanza inaukuta bila nguo.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa sababu swali la Halmashauri si la uzuri wa uwanja.

Anayejua Igogo anajua nyumba zetu zilivyo. Zimejengwa zikipandana, paa la huyu liko usawa wa mlango wa yule. Udongo juu ya mwamba ni kidogo. Mvua ya vuli inapokuja haiji taratibu. Inashuka kama iliyomwagwa, na mwamba haunywi maji. Kinachoweza kunywa ni udongo, na kinachoushikilia udongo usiondoke na maji ni mizizi. Chini ya uwanja wetu kuna nyumba tisa kabla ya kufika kwenye mtaro mkubwa. Katika nyumba ya tatu anakaa mama mmoja wa WAWATA, mjane, anayekaanga samaki jioni. Miaka miwili iliyopita jirani mmoja wa upande wa pili alisakafia ua wake wote kwa zege. Ua ni wake, na ulipendeza. Mvua iliyofuata, maji yote yaliyokuwa yakizama pale yalikuja kwa mama huyu. Yaliingia kwa mlango wa nyuma yakatokea wa mbele, yakachukua mkaa wake na sufuria mbili. Uwanja wetu ni mkubwa mara nyingi kuliko ua ule.

Nilipomtembelea likizo hii aliniambia, "Frateri mwanangu, mimi sijui habari za nyasi. Najua tu kwamba maji ya kanisani yanafika kwangu yakiwa yametulia." Sijasikia hoja iliyonigusa zaidi ya hiyo kikaoni wala darasani. Yeye si mjumbe wa Halmashauri. Nilimwomba ruhusa niseme maneno yake mbele ya wazee, akakubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Na maji hayo hayaishii kwake. Yanakwenda mtaroni, na mtaro unakwenda ziwani, na udongo wa milima yetu unakwenda nao pamoja na taka na rutuba. Magugumaji yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yananenepa kwa rutuba kama hiyo. Sisemi uwanja wa kigango kimoja utaliokoa ziwa. Nasema udongo ule ni wetu, na si haki kuwapelekea wavuvi.

Kuna pingamizi moja lililonisumbua kuliko yote, na lilitoka kwa kijana wa rika langu. Alisema bustani za nyasi ni mambo ya Capri Point, kwa watu wenye bomba la kumwagilia. Huku kwetu kuna siku akina mama wanapanga foleni na ndoo, halafu tuzungumzie kutunza majani? Ningekuwa upande wake kama tungekuwa tunamwagilia. Hatumwagilii. Kwa miaka yote ninayoikumbuka sijaona ndoo moja ya maji ikimwagwa kwenye ukoka ule. Unalala kiangazi, unaamka vuli, gharama yake ni kamba ya katani na uvumilivu wa watu. Anayetaka nyasi za kijani Agosti, huyo ndiye anayetaka mambo ya Capri Point.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, maua na majani ya porini yaote humo. Nilipousoma nilifurahi, ila niliona tofauti. Fransisko aliacha kipande ili watu wakitazama wamkumbuke Muumba. Sisi Igogo tunaacha uwanja kwa wiki tatu kwanza kwa sababu ya mlango wa nyuma wa mama mmoja. Nadhani mtakatifu asingetukatalia.

Zaburi ya 72, inayotumika katika Liturujia ya Epifania, inamfananisha mfalme mwenye haki na mvua inayoshuka juu ya majani yaliyokwisha kukatwa. Nimewahi kusikia ikihubiriwa kama picha ya upole. Anayekaa kilimani atasikia zaidi ya upole, kwa sababu anajua mvua hiyo hiyo ikishuka mahali pasipo na majani inafanya nini. Zaburi yenyewe haimwachi mfalme huyo bila kazi: anawatetea maskini wa watu.

Halmashauri ilikaa tena Jumapili iliyopita. Pevingi zitawekwa kwenye njia ya kutoka getini hadi mlangoni, na mahali pa kuegesha magari na pikipiki, zikiwa na nafasi za mchanga kati yake ili maji yapenye. Nyasi zitabaki hadi masika yajayo yaishe, kisha watalitazama tena jambo hili. Mzee aliyesema zimekufa alipiga kura ya kuzibakiza, ila aliomba harusi zisizuiwe Novemba, na hilo lilikubaliwa. Samadi itatoka kwa mfugaji wa Buhongwa. Guku hawezi tena kuinama muda mrefu, kwa hiyo kijana mmoja wa VIWAWA atashika fyekeo, naye Guku atakaa kwenye kiti chini ya mwembe akimwangalia. Mimi narudi seminarini wiki ijayo, kabla ya mvua. Kamba imeshanunuliwa. Iko sakristia, nyuma ya kabati la mavazi, na katekista anajua.